Siku Baba Aliposema Huu Si Uvivu

Katika shule ninakofundisha hapa Sumbawanga, wanafunzi huniita Kamanda. Wakiwa mbele yangu hawathubutu, na wanadhani sijui. Nimejua tangu mwaka wangu wa pili kazini, na kusema kweli jina hilo sijawahi kulichukia. Nafundisha Hisabati, na kwa muda mrefu nimekuwa mwalimu wa nidhamu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapouma masikio, mimi huwa nimeshafika getini na koti langu zito kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Sijawahi kuwa mtu wa fimbo. Nilitegemea jambo moja tu, kuwa wa kwanza kufika, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanafunzi akichelewa na kunikuta pale nimesimama, anajua mwenyewe la kufanya.

Tabia hiyo nimeirithi kwa baba. Baba ni mkulima wa Kate, kule Nkasi. Ujanani alikaa jeshini miaka michache, kisha akarudi kwao kulima, lakini jeshi halikumtoka. Tulikuwa watoto saba, mimi ni wa tatu. Saa kumi na moja alfajiri alisimama mlangoni na kutamka neno moja tu la Kifipa la kutuamsha. Hakulirudia. Saa kumi na mbili kila mmoja alikuwa na jembe mkononi, na baada ya hapo ndipo tulipokwenda shule. Majirani walisema mzee yule analea makuruta, si watoto. Lakini wote saba tulisoma tukamaliza, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeogopa kazi.

Katika nyumba yetu, dhambi iliyozipita zote ilikuwa uvivu. Baba alidai kwamba anaweza kuusoma uvivu shambani hata mwenye shamba asipokuwepo. Tukitembea naye alikuwa akionyesha kwa kidole. "Huyu hapa mvivu. Ameparura pembeni mwa njia ili watu waone, katikati ameacha majani." Kisha mbele kidogo, "Huyu anaumwa. Angalia, kalima vizuri kabisa, halafu kakatisha ghafla. Nendeni mkamjulie hali." Na mara nyingi tulipokwenda tulimkuta mtu kitandani kweli. Nilikua nikiamini kwamba hakuna binadamu aliyeujua uvivu kama baba yangu.

Miaka mitano iliyopita mimi mwenyewe niliugua, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ninachoumwa ni uvivu.

Watu hupenda kuniuliza kilianza na nini. Wanataka niwatajie msiba, au ugomvi, au mume mlevi. Hapakuwa na lolote. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mtulivu, ana karakana yake mjini na watu wanamheshimu kwa kazi yake. Binti zetu wawili walikuwa wazima na wanafanya vizuri darasani. Nyumba yetu ya Kasense tulikuwa tumeshaiezeka na kuhamia. Kama ungeniambia niandike orodha ya mambo ya kumshukuru Mungu, ningejaza karatasi pande zote mbili. Ndiyo maana nilishindwa kumweleza mtu. Ningeanzia wapi?

Kwanza chakula kilipoteza ladha. Nilitafuna ugali na maharage kama ninayetafuna karatasi. Kisha usingizi ukawa unakatika alfajiri mapema na haurudi tena. Halafu siku moja nilikuwa ubaoni na Kidato cha Tatu, nakokotoa hesabu niliyoifundisha miaka nenda rudi, nikasahau hatua inayofuata. Nilisimama na chaki mkononi. Msichana mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya chini sana, kwa adabu, "Madam, tunagawanya kwa mbili." Nikagawanya kwa mbili. Nilimshukuru, nikaendelea, lakini kila hatua iliyofuata niliisoma kwanza kwenye kitabu.

Nikafanya nilichofundishwa. Nilichukua karatasi kubwa, nikajiandikia ratiba, nikaibandika ukutani chumbani. Kuamka saa kumi. Kukimbia hadi barabara kuu na kurudi. Kuoga maji baridi. Sala. Kusahihisha madaftari kabla ya kutoka. Jioni bustani ya mboga, kisha tena madaftari. Hakuna kukaa. Nilijiambia kwamba mwili umelegea na mtu asiyeubana mwili wake, mwili humzoea.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu watu wengi hudhani mwenye sonona, ugonjwa niliokuja kuambiwa ninao, ni mtu aliyelala tu na kujifunika blanketi. Wapo wa namna hiyo, na wao pia hawapendi kulala vile. Mimi niliitimiza ratiba yangu. Kwa wiki kumi na moja sikuruka hata kipengele kimoja. Nilikimbia kwenye ukungu huku machozi yanatiririka, nikarudi, nikaoga, nikasali, nikavaa, nikaenda kazini nikawa wa kwanza getini. Na kila wiki nilikuwa naumwa zaidi ya wiki iliyotangulia. Nilipoona hali inazidi, niliongeza kazi. Sikuwa na dawa nyingine.

Wiki ya kumi na mbili, asubuhi ya Jumanne, mume wangu alirudi ndani kuchukua futi yake akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja. Kingine kilikuwa mkononi.

"Kiatu kimefanyaje?" akauliza.

"Hakijafanya kitu."

"Sasa mbona huvai?"

Nilikitazama kile kiatu. Nilijua kinavaliwaje. Nilijua shule iko upande gani. Kati ya kujua na kufanya palikuwa na kitu kama ukuta, na mimi sikuwa na pa kupitia. "Sijui," nikamwambia. "Nimeshindwa."

Akaweka futi chini, akapiga magoti, akanivalisha. Siku hiyo nilifika shuleni saa nne. Kwa miaka kumi na sita sikuwa nimewahi kuchelewa hata kipindi kimoja.

Habari za mwalimu hazikai sirini. Wanajumuiya wenzangu wa kanisani walianza kuja kunitazama, na walikuja kwa upendo, hilo lazima niliseme. Mmoja alisema ni msongo wa mawazo tu, nipunguze kuwaza. Mwingine alisema sala zangu zimekuwa za haraka mno. Mama mmoja aliniita pembeni akaninong'oneza kwamba nyumba mpya ina macho mengi, na kwamba yupo mtu huko ziwani anayeweza kunisafisha. Lakini aliyenichoma alikuwa jirani yangu wa karibu, mwanamke mchapakazi ninayemheshimu. Alikunywa chai yetu, akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Hata wewe, mwalimu? Mimi nilijua wewe si mtu wa kujiendekeza."

Kujiendekeza. Neno hilo nililijua vizuri, maana mimi mwenyewe niliwahi kulitumia. Miaka kadhaa nyuma, mwalimu mwenzangu aliomba apunguziwe vipindi kwa kuwa hajisikii vizuri, na hakuweza kueleza anaumwa nini. Ofisini, mbele ya walimu wengine, mimi ndiye niliyesema, "Anajiendekeza huyo." Baadaye alihamia shule nyingine, kule njia ya Kasesya. Sikuwa nimemfikiria tena hadi jirani aliponirudishia neno langu.

Mume wangu alimpigia baba simu. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu kama anahutubia gwaride.

"Huo ni uvivu umemwingia. Likizo ya Pasaka mlete huku. Siku tatu za jembe zitamtoa hiyo hali."

Mume wangu alinitazama kama anayeomba radhi. Lakini mimi nilifurahi, kama naweza kuiita ile furaha. Nilimwamini baba. Niliona kwamba labda ratiba yangu ilikosea mahali, na kwamba mwenye nidhamu yenyewe atanionyesha nilipokosea.

Nilipofika Kate ulikuwa wakati wa kuandaa matuta. Mvua zinapokaribia kuisha, huku kwetu tunakata majani marefu, tunayakusanya kwa duara, tunayafunika kwa udongo uliopinduliwa hadi shamba linajaa vichuguu vidogo vidogo. Majani yanaoza humo ndani na kurutubisha udongo, na juu yake tunapanda maharage. Ni kazi ya mgongo. Baba, aliyekwisha kupita miaka sabini, alikuwa anaifanya bado, pamoja na mdogo wangu wa kiume anayeishi naye.

Siku ya kwanza nililima tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa. Mama alituletea uji wa ulezi shambani, nikanywa vikombe viwili kwa sababu alikuwa ananitazama. Jioni nilimsikia akimwambia baba, "Huyu anakunywa kama anameza dawa."

Siku ya pili nilikuwa katikati ya mstari wangu machozi yalipoanza. Sikulia kwa sauti. Yalikuwa yanatoka tu, kama jasho, na mikono ikaendelea na kazi. Nilikata majani, nikayakusanya, nikapindua udongo, nikasogea. Sijui yalitoka kwa muda gani. Nilipoinua kichwa baba alikuwa amesimama mbele ya tuta langu, jembe begani.

"Unaumwa wapi?"

"Sijui, baba."

"Umechoka?"

"Hapana. Yaani ndiyo. Lakini si uchovu wa jembe."

"Sasa unalia nini?"

"Hakuna kitu, baba. Ndicho hicho kinachoniliza. Ndani hakuna kitu."

Akashusha jembe, akainama, akatia mkono ndani ya tuta nililokuwa nimelimaliza. Akapapasa majani kama yameshindiliwa. Akaenda kwenye tuta la nyuma yake, akafanya vilevile, kisha la tatu, kisha la nne. Alitembea mstari wangu wote hadi mwisho, mzee yule, akitia mkono kwenye kila tuta. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mahali nilipoparura, na mimi nilisimama pale nikiombea aone, maana angeona tungejua cha kurekebisha.

Akarudi, udongo umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Majani umeyashindilia vizuri," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Udongo umeufunika wote. Mstari umenyooka kuliko wa mdogo wako."

"Ndiyo, baba."

Akakung'uta mikono. "Mwanangu, mvivu namjua. Nimemjua maisha yangu yote, namjua hata akivaa suti kanisani. Huu si uvivu. Weka jembe chini."

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia baba akimwambia mtu aweke jembe chini kabla ya saa ya kuliweka. Niliogopa. Nikamwambia, "Bado mistari miwili."

"Nimesema weka chini. Wewe ni mgonjwa. Kesho tunakwenda hospitali."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, na nilikaa chini juu ya majani yaliyokatwa nikalia kwa sauti kama mtoto. Lakini kilio kile kilikuwa tofauti na machozi ya mwanzo. Mtu niliyemwamini kuliko wote katika jambo hili alikuwa amenikagua tuta kwa tuta, na alinikuta sina kosa.

Kesho yake tulipanda gari la kwanza kuja mjini. Baba alivaa koti lake la misa. Hospitalini tulielekezwa kwenye chumba cha afya ya akili, na kwenye benchi la jirani walikuwa wamekaa watu watatu wa parokia yetu wanaosubiri mambo yao mengine. Nilitaka kujifunika kitenge usoni. Baba akawasalimia kwa sauti yake ileile ya gwaride, na kabla hawajauliza akawaambia, "Nimemleta binti yangu. Anaumwa." Akakaa, akanyoosha koti. Alilisema kama mtu anayesema mtoto ana malaria.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akanisikiliza kwa muda mrefu bila kuandika. Aliniuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi, na wakati hali hii ilipoanza. Baadaye akamwomba baba atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa akaniuliza, taratibu lakini waziwazi, kama nimewahi kutamani kufa.

Nilimweleza ukweli. Sikuwa nimepanga kujidhuru, lakini asubuhi nyingi nilikuwa natamani nisingeamka. Sikuwa nimemwambia mtu, hata padri. Daktari hakushtuka wala hakunihubiria. Alisema, "Asante kwa kuniambia, Madam." Akanitaka nimwambie na mume wangu siku hiyohiyo, na akasema kwamba mawazo hayo yakibadilika kuwa mpango, nisingoje tarehe ya kliniki, nije saa yoyote. Jioni ile nilimwambia mume wangu. Kati ya mambo yote magumu niliyoyafanya maishani, hilo naliweka la kwanza.

Baba aliporudi ndani, daktari alimweleza kwamba ninaumwa sonona, ni ugonjwa, na unatibika. Mzee alifikiri, mikono juu ya magoti.

"Daktari, huyu nimemlea kwa nidhamu tangu anatambaa. Kwa hiyo nidhamu yake haikutosha?"

"Mzee wangu, nidhamu ndiyo iliyouficha ugonjwa. Asingekuwa nayo mngemleta miezi mitatu iliyopita."

Baba akatikisa kichwa polepole.

"Ila msiitupe," daktari akaendelea, akinigeukia mimi. "Tutaihitaji sana. Vidonge hivi havikupi nafuu wiki ya kwanza. Mdomo utakauka, tumbo litavurugika kidogo, na utaona kama unajisumbua bure. Wengi huacha hapo. Baadaye utajisikia mzima, na wengine huacha hapo, bila kutuuliza, ugonjwa unarudi. Nidhamu haiwezi kukuponya. Kazi yake ni kukurudisha hapa kila tarehe yako, hata siku usiyotaka."

Nilitoka mle nikiwa na vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa na kazi ninayoielewa.

Baba hakurudi Kate. Mzee ambaye siku zote alisema mjini ni kwa watu waliokosa shamba, alikaa kwetu Kasense wiki sita. Alijipa kazi ya vidonge. Kila siku saa moja asubuhi, baada ya uji, alinisimamia nikimeza, kisha tulitembea. Daktari alisema matembezi ya taratibu, si mbio, na baba alilishika neno hilo kama amri. Nikiongeza mwendo aliniita nyuma. "Taratibu ni taratibu."

Jambo moja kuhusu wiki zile sijawahi kumwambia. Wiki ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, nilisikia hatua zake zikija hadi mlangoni kwetu. Nilizijua hatua zile tangu utotoni, nikajiandaa kusikia lile neno lake la Kifipa. Zikasimama. Kimya. Kisha zikarudi zilikotoka, polepole, kwa kunyata. Daktari alikuwa ameagiza nilale usingizi ukinichukua. Asubuhi iliyofuata zilikuja tena, zikasimama, zikarudi. Ilimchukua karibu wiki nzima kuacha. Alikuwa anaizuia desturi ya miaka hamsini, kila alfajiri upya, kwa ajili yangu. Nimefundishwa nidhamu na baba kwa miaka mingi, lakini siku zile ndipo nilipomwona akiitumia hadi mwisho wa nguvu zake.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Wiki ya tano, mume wangu alipika migebuka iliyoletwa kutoka ziwani, na tukiwa mezani nikasema, "Chumvi haijakolea."

Akaacha kula. "Umesemaje?"

"Nasema chumvi kidogo."

Alinyanyuka akaenda kuichukua chumvi jikoni, akakawia. Binti yetu mkubwa akachungulia, akarudi akanong'ona, "Baba analia." Babu yake akamwambia, "Mwache. Kula samaki wako." Na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta pua.

Jumuiya ilipokusanyika nyumbani kwetu, nilikuwa naweza kukaa na watu hadi mwisho. Baada ya sala, jirani yangu alisimama kwa moyo mweupe kabisa akasema, "Tumshukuru Mungu, mwenzetu sasa ameamua kupona." Watu wakapiga makofi. Baba akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba kusema.

"Shukrani zenu nazipokea," akasema. "Ila hakuamua kupona, kama ambavyo hakuamua kuugua. Huyu nimemlea kwa jembe. Kama nidhamu ingekuwa dawa, binti yangu asingeumwa hata mafua. Aliumwa, tukampeleka hospitali, anameza dawa, anapata nafuu. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani asimwite mvivu. Mimi nilimwita. Nilikosea."

Akakaa. Mzee wangu, mbele ya watu zaidi ya ishirini, kwenye nyumba ya mkwewe. Sikuwahi kumsikia akitamka neno "nilikosea" hata kwa mama. Nilimtazama pale kwenye kiti na koti lake la misa, hata nikasahau kuitikia wimbo wa kufunga. Siku chache baadaye jirani alinijia mlangoni na mboga, akaniuliza kwa sauti ya chini chumba kile cha hospitali kiko upande gani, maana dada yake naye ana miezi hajisikii. Nilimsindikiza mwenyewe.

Nilirudi kazini kwa vipindi vichache kwanza. Mkuu wa shule alinipangia hivyo baada ya barua ya daktari, na nikakubali, ingawa siku ya kwanza niliona aibu kuwaacha wenzangu wakiingia madarasani mimi nikiwa nimekaa. Katika moja ya vipindi vile vitupu nilitafuta namba ya yule mwalimu aliyehama. Alipokea, nikajitambulisha, nikamwambia bila kuzunguka, "Siku ile ofisini nilisema unajiendekeza."

"Najua. Nilikuwa mlangoni, nilisikia."

"Naomba unisamehe. Nimeumwa na mimi. Namaliza mwezi wa tatu wa vidonge."

Akauliza, "Mdomo haukukauki?"

"Kama nimetafuna chaki."

Akacheka, na mimi nikacheka. Tukazungumza hadi kengele ikalia. Hadi leo tunapigiana.

Kwa maelekezo ya daktari nilimaliza dawa, kidogo kidogo, baada ya muda mrefu. Nikaendelea na maisha. Geti langu bado nalifikia mapema, lakini mwanafunzi akichelewa siku tatu mfululizo, au akianza kuandika vizuri na kukatisha katikati, siku hizi namwita pembeni kwanza nimuulize analalaje, anakulaje. Wengine ni wavivu tu, nawajua. Wengine sivyo, na wazazi wao hunishukuru.

Mwaka jana, baridi ilipoanza, ugali ulipoteza ladha tena. Siku ya tatu usingizi ukakatika alfajiri. Nilikaa kitandani nikatazama ukuta ambao zamani nilibandika ratiba, na sikutafuta karatasi. Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikapanda bodaboda hadi hospitali.

"Umekuja na nani?" daktari akauliza.

"Nimekuja mwenyewe."

Akatabasamu. "Wiki ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Nimepokea vyeti kadhaa katika kazi yangu, vya ufaulu wa wanafunzi na vya utumishi mwema, na viko kwenye fremu alizonitengenezea mume wangu. Hakuna hata kimoja kilichonipa fahari niliyoisikia nikitoka kwenye chumba kile na bahasha yangu mkononi.

Nilimpigia baba nikiwa bado uani kwa hospitali. "Shikamoo, baba. Nimetoka kliniki."

"Marahaba. Imerudi?"

"Inataka kurudi. Nimeiwahi."

"Nije?"

"Usije, una ulezi wa kuvuna."

"Ulezi utavunwa," akasema, na Jumapili alikuwa hapa. Tulikwenda misa pamoja, na baada ya misa, nje ya kanisa, mgeni mmoja aliyewahi kukaa naye jeshini alimjia wakakumbatiana. Baba akanivuta mkono.

"Huyu ni binti yangu wa tatu," akamwambia. "Anafundisha Hisabati. Ana ugonjwa wa sonona, na anautibu vizuri kuliko mgonjwa yeyote ninayemjua."

Mgeni yule akanipa mkono, nikaupokea, na nikasimama wima pale kando ya baba.